Muhogo wa ugali au muhogo wa gari?

Mafuta yatokanayo na mimea yanatajwa kuwa sehemu ya usafiri wa kesho. Kwa familia za Musoma, Bunda na Butiama, jambo la kwanza kuangalia si injini. Ni sahani ya mtoto, mbegu zilizo uani na moshi unaoingia kifuani.

KATIKA barabara ya lami inayotoka Musoma, ikapita Makutano na kwenda Bunda hadi Mwanza, vitu viwili huonekana sana wakati wa kiangazi. Kimoja ni malori na mabasi yanayopanda mwinuko yakiacha moshi mweusi nyuma. Kingine ni muhogo mweupe ulioanikwa juu ya mawe na maturubai, ukisubiri kukauka usagwe uwe unga.

Wachache hufikiria kuwa vitu hivyo viwili vinaweza kukutana. Vinaweza. Muhogo uleule wa ugali ukichachushwa na kupikwa hutoa spiriti inayowaka, yaani ethanoli, na ethanoli hiyo ikichanganywa na petroli huendesha pikipiki na gari. Aliyewahi kuona gongo ikipikwa anazijua hatua za mwanzo. Tofauti kubwa ni kwamba ethanoli ya gari lazima iondolewe karibu maji yote, na huwekwa dawa ili isinyweke.

Hiyo ndiyo nishati mimea, na ina matawi mawili. Lipo la ethanoli, inayotokana na miwa, molasi, mahindi au muhogo, na huchanganywa na petroli. Lipo la dizeli mimea, inayotokana na mafuta ya mbegu kama mawese, alizeti, pamba na mbono, au mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Hiyo huingia kwenye malori, mabasi na matrekta.

Si jambo geni. Brazili ilianza mpango wake mkubwa wa ethanoli ya miwa mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta duniani kupanda ghafla, na hadi leo petroli ya huko huuzwa ikiwa na ethanoli ndani. Jirani zetu Malawi wamekuwa wakichanganya petroli na ethanoli tangu mwaka 1982, wakitumia molasi ya kiwanda cha sukari cha Dwangwa. Kenya nayo ilijaribu miaka ya 1980 kwa ethanoli ya Muhoroni, si mbali sana na mpaka wa Mara, lakini mpango ukafa miaka ya 1990.

Sasa mazungumzo yamerudi. Nchi zinatafuta njia ya kupunguza hewa chafu inayopasha dunia joto na kupunguza fedha za kigeni zinazokwenda kununua mafuta. Malori ya masafa marefu na ndege haviwezi kuhamia kwenye betri haraka kama pikipiki, kwa hiyo macho yameelekezwa kwenye mimea. Mimea hiyo italimwa mahali fulani, na mahali hapo panaweza kuwa kijiji chochote chenye ardhi na mvua.

Ndiyo maana mzazi anayesoma habari hizi asiishie kuuliza kama mafuta yatashuka bei. Aulize: yatatoka kwenye nini?

Kilo sita za muhogo

Tuanze na hesabu. Tani moja ya muhogo mbichi hutoa takriban lita 150 hadi 180 za ethanoli. Maana yake lita moja inahitaji kilo sita hivi za muhogo mbichi, ambao ukikaushwa na kusagwa hubaki kama kilo mbili za unga.

Chukua tenki la pikipiki la lita 10. Ikiwa petroli imechanganywa na ethanoli kwa asilimia 10, ndani ya tenki hilo kuna lita moja ya ethanoli, yaani kilo mbili za unga wa ugali. Kwa familia nyingi za Butiama huo ni unga wa siku nzima. Na bodaboda anayefanya kazi kutwa hujaza tenki hilo kila baada ya siku chache. Gari dogo lenye tenki la lita 50, kama lingetumia ethanoli tupu, lingemeza karibu kilo 300 za muhogo kwa kujaza mara moja. Tena lisingefika mbali sana, kwa sababu lita ya ethanoli ina nguvu ya theluthi mbili tu ya lita ya petroli.

Mkulima anaweza kusema: kama bei ni nzuri, tatizo liko wapi? Fedha ya muhogo hulipa ada na matibabu. Hoja hiyo ina uzito, na si haki kumwambia mkulima wa Bunda abaki na mazao ghalani ili wengine wasifu utamaduni wake. Lakini muhogo si zao la biashara tu katika mkoa huu. Ni zao la njaa. Mvua ikikatika na mahindi yakakauka, muhogo ndio unaobaki ardhini. Mwaka ambao kiwanda kitautaka zaidi unaweza kuwa mwaka uleule ambao jikoni hakuna kingine.

Mara ina kumbukumbu chungu ya hali hiyo. Mwaka 1985, baada ya ukame, wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilijumuisha na Rorya ya sasa, ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa unaoitwa konzo. Mtu mzima kiafya huamka miguu imekakamaa. Wengine hutembea kwa ncha za vidole, wengine hawatembei tena. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na ulemavu wake ni wa kudumu.

Chanzo chake ni muhogo mchungu uliolika kabla ya sumu yake, sayanidi, kutolewa vya kutosha, huku mwili ukiwa umekosa protini za kuusaidia kupambana na sumu hiyo. Mama anayevundika au kuloweka muhogo kwa siku kadhaa, akauanika vizuri na kupata udaga salama, anafanya kazi ya kitabibu bila kuiita hivyo. Njaa ndiyo humfanya afupishe siku hizo.

Na si njaa peke yake. Soko pia hufanya hivyo. Huko Bandundu, Kongo, watafiti walieleza jinsi barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilivyoongeza biashara ya muhogo. Wanawake walianza kufupisha muda wa kuloweka, kutoka siku tatu hadi siku moja au mbili, ili mzigo uwahi lori. Konzo ikaongezeka. Barabara ilikuwa njema na biashara ilikuwa halali, ila kilichopungua ni siku moja au mbili ndani ya maji.

Muhogo wa kiwandani hauhitaji kulowekwa nyumbani, kwa hiyo ethanoli yenyewe haimpi mtu konzo. Hatari iko kwenye kinachobaki. Mihogo mizuri na mitamu ikiondoka na lori, familia hubaki na michungu na haraka. Wakazi wa Musoma hawahitaji kuchorewa ramani ya jambo hili. Wameona minofu ya sangara ikipanda ndege kwenda Ulaya na mapanki yakibaki sokoni. Wanaona pia dagaa, samaki bora kwa mtoto anayekua, wakinunuliwa kwa magunia kwenda kwenye chakula cha kuku.

Molasi ni habari nyingine. Hiyo ni mabaki ya sukari, haitoki kwenye sahani ya mtu, na ndiyo iliyoibeba Malawi kwa zaidi ya miaka 40. Lakini molasi iko penye viwanda vya sukari, kama Kagera, Kilombero, Mtibwa na TPC Moshi. Haiko Bunda.

Mbono ulio uani

Miaka 15 hadi 20 iliyopita, jina lililotawala mazungumzo ya nishati mimea Tanzania lilikuwa mbono, ambao wengine huuita mbono kaburi. Ulisifiwa kwamba huota popote, haushindani na chakula kwa kuwa hauliwi, na kwamba mafuta yake hutoa dizeli safi. Yote matatu yalikuwa na ukweli nusu.

Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipewa zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe mwaka 2009 kwa ajili ya mbono. Mwaka 2011 ilifilisika. Ajira zilipotea na wanakijiji wakabaki wakidai ardhi waliyokuwa wakiitegemea kwa kuni, maji na dawa za miti. Kilwa, kampuni ya Uholanzi, BioShape, nayo ilichukua ardhi kubwa na kuanguka kabla ya kutoa mafuta ya maana. Mbono huota kwenye ardhi mbovu, ni kweli, lakini hauzai kwenye ardhi mbovu. Ukitaka mbegu za kutosha, unataka udongo na maji yaleyale yanayohitajiwa na mahindi.

Mwaka 2010 Serikali ilitoa mwongozo wa uendelezaji wa nishati mimea, na wimbi likapoa. Lakini miti iliyopandwa kama uzio ipo bado katika sehemu nyingi za nchi, na hapa ndipo ukurasa huu unapotaka mzazi asimame kidogo.

Mbegu za mbono ni sumu. Zina ladha tamu kama karanga, na hilo ndilo tatizo, kwa sababu mtoto akionja moja hana sababu ya kuitema. Mbegu chache tu zinaweza kuleta koo kuwaka, tumbo kuuma, kutapika mfululizo na kuharisha, mara nyingi ndani ya saa chache. Mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji haraka. Watoto hula kwa kundi wakicheza, kwa hiyo ukimkuta mmoja anatapika na maganda yako karibu, waangalie na wenzake.

Usimlazimishe kutapika. Kama yu macho na anaweza kumeza, mpe maji au maji ya chumvichumvi kidogo kidogo, na mpeleke kituo cha afya ukiwa na mbegu au tunda alilokula ili mhudumu ajue anashughulika na nini.

Mnyonyo, ambao mbegu zake ndizo nyonyo, una tahadhari hiyohiyo na zaidi. Mafuta ya nyonyo yanayouzwa dukani yamekamuliwa na kutibiwa, lakini mbegu yenyewe ikitafunwa ina sumu kali, na sumu hiyo hubaki kwenye mashudu. Jambo hili linatuhusu kwa sababu mnyonyo ndio unaoinuka sasa. Nchini Kenya, kampuni ya Italia ya Eni ilifungua kituo cha kukamua mafuta Makueni mwaka 2022, kinachotumia mbegu za nyonyo, kroton na pamba. Mafuta hayo husafirishwa hadi Italia kutengenezewa nishati ya magari na ndege. Kilimo cha namna hiyo kikivuka mpaka, mbegu zitakuwa kwenye magunia ndani ya nyumba, palepale watoto wanapolala.

Pamba nayo ni zao la Bunda, na mbegu zake tayari zina kazi mbili: mafuta ya kula na mashudu ya ng'ombe. Tanzania bado huagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula. Kila lita ya mafuta ya pamba itakayoingia kwenye lori itabidi ifidiwe na lita nyingine dukani, na anayepanga bajeti ya jikoni anajua nani atailipia.

Chupa ya soda

Petroli haifiki kila kijiji kwa kituo cha mafuta. Katika barabara nyingi za ndani huuzwa kwenye chupa za maji na za soda, zikiwa zimepangwa juu ya meza. Biashara hiyo imeokoa safari nyingi za usiku za kumkimbiza mjamzito hospitali. Pia ndiyo inayofanya mtoto wa miaka miwili anywe petroli akidhani ni soda.

Ethanoli ikija, chupa hizo zitakuwa na shida mpya. Ethanoli huvuta maji. Mchanganyiko ukikaa kwenye chombo kisichofungwa vizuri, maji yanaweza kutengana na petroli na kushuka chini pamoja na ethanoli, na injini ikavuta hicho. Mpira na mabomba ya pikipiki za zamani pia huweza kuharibika kiwango cha ethanoli kikiwa juu. Na yupo atakayejaribu kuinywa. Ethanoli ya gari si pombe: dawa zinazowekwa ndani yake, ikiwamo methanoli mara nyingine, huweza kupofusha na kuua.

Kwa mtoto aliyekunywa petroli, dizeli au mafuta ya taa, kosa la kawaida ni kumtapisha au kumnywesha maziwa kwa nguvu. Hatari kubwa ya mafuta haya ni kuingia kwenye mapafu, na kutapika huyaingiza huko. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi kwa sabuni, kisha nenda naye kituo cha afya hata kama anaonekana mzima. Kukohoa na kupumua haraka huweza kuanza baadaye.

Moshi upi kwanza?

Nishati mimea ina jambo moja jema kwa afya ambalo halisemwi vya kutosha. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na uharibifu huo haurudi nyuma. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006. Ethanoli hufanya kazi ileile ya risasi bila sumu hiyo, na ilikuwa sehemu ya sababu iliyoifanya Brazili iweze kuachana na risasi mapema.

Kwa upande wa dizeli, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wake mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Dizeli mimea hupunguza masizi, yale mavumbi meusi yanayoingia ndani kabisa ya mapafu. Haiyaondoi yote, na aina fulani ya gesi inayowasha njia ya hewa inaweza hata kuongezeka kidogo. Lori bovu lisilofanyiwa matengenezo litatoa moshi mbaya hata likinyweshwa mafuta ya alizeti.

Lakini kwa mama wa Butiama na mtoto aliye mgongoni, moshi mkubwa wa siku hautoki barabarani. Unatoka kwenye mafiga. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na ethanoli ya majiko ni mojawapo ya nishati zinazotambuliwa. Lita moja ya ethanoli ya molasi ikichomwa kwenye jiko huondoa moshi uliokuwa nusu mita kutoka puani mwa mtoto. Lita hiyohiyo ndani ya gari hupunguza kidogo moshi unaotawanyika barabarani. Kama taifa lina ethanoli chache, na ni chache, kiafya ianze jikoni.

Pikipiki zina njia nyingine. Bwawa la Julius Nyerere, lililopewa jina la mwana wa Butiama, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024 na limejengwa kutoa megawati 2,115. Pikipiki za betri zimeanza kuonekana Dar es Salaam. Safari fupi za bodaboda, za kilomita chache kati ya kituo na kituo, zinalingana na betri kuliko safari za lori la Musoma hadi Dar es Salaam. Kwa lori hilo dizeli mimea ina nafasi, hasa ile ya mafuta yaliyokwisha kutumika. Mafuta ya chipsi yaliyokaangiwa hadi yakawa meusi hayapaswi kurudi kwenye karai. Kama yupo atakayeyanunua kwa ajili ya injini, muuza chipsi ana sababu ya kuyaachia, na mtoto anayenunua chipsi akitoka shule atakuwa amepona kitu. Hayo ndiyo matumizi ya nishati mimea ambayo ni vigumu kuyapinga.

Kwa mashamba makubwa, mahali pa kuuliza ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautaka mkutano huo ushirikishwe kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa kwa mwekezaji. Eneo likizidi hekta 250, uamuzi huenda kwa waziri baada ya kijiji kutoa mapendekezo yake. Ardhi ikishahamishwa huwa ardhi ya jumla, si ya kijiji tena, na kampuni ikifilisika hairudi yenyewe. Wanakijiji wa Kisarawe waliligundua hilo baadaye.

Akina mama huhudhuria mikutano hiyo wakiwa wachache na mara nyingi hukaa nyuma. Ndio wanaojua muhogo upi ni mchungu, unalowekwa siku ngapi, na mwaka wa ukame uliopita familia ilikula nini mwezi wa pili. Mwekezaji akija na ramani ya shamba, maswali hayo yaandikwe kwenye muhtasari kabla ya mtu yeyote kunyoosha mkono.